Miksi ya mwisho wa kusi: namna ya kupanga taarab, bango, rege na vurugu zako zote ndani ya saa moja

Watu wa bara ukiwaambia Mombasa kuna baridi watacheka mpaka washike mbavu, na kusema kweli kipimajoto hakitusaidii manake hata Julai usiku hauendi mbali chini ya nyuzi 20, lakini aliyelala huku mwezi wa saba na dirisha liko wazi kusi, ule upepo wa kutoka kusini, inavuma anajua nnachosema. Masweta yanatoka makabatini, bahari imechafuka, mwani umejaa ufuoni, samaki bei juu kwa vile vidau vingi havitoki. Halafu kuanzia mwezi wa tisa hivi upepo unalegea, yanaingia maleleji, bahari inatulia, na kaskazi yenyewe, upepo wa kutoka kaskazini, bado haijafika. Huo ndio wakati wangu wa kutengeneza miksi. Si pleilisti ya kurusha nyimbo mia mbili halafu ukabonyeza zichanganywe zenyewe, hapana, miksi, kitu kimoja cha saa moja chenye mwanzo na mwisho. Huhitaji mashine ya dijei. Laptopu kuukuu au hata simu inatosha.

Ila jambo moja uliweke akilini toka sasa. Nyimbo nzuri kila mtu anazo, kazi yote iko kwenye viungo, yaani pale wimbo mmoja unapotoka na mwingine unapoingia. Mtu anaweza kuchanganya udi wa Lamu, rege, filamu za Kihindi na amapiano na ikakaa sawa, na mwingine akaweka bongofleva tupu saa nzima na bado ukachoka dakika ya kumi. Kwa hivyo nikifika kwenye viungo nitakaa sana, mengine nitayapita mbio.

Kwanza, gawa saa yako

Chukua karatasi. Dakika 60, zikate tatu: 25 za kusi, 10 za maleleji, 25 za kaskazi. Za kusi ndizo nzito, za ndani ya nyumba, mtu amejifunika leso na chai ya tangawizi. Za maleleji zinakuwa nyepesi, karibu hazina sauti ya mtu, ni ala na kelele za mji. Za kaskazi ni za kufungua milango. Usizigawe kwa aina ya muziki, eti taarab zote hapa, rege zote pale, hiyo si miksi hiyo ni kabati. Gawa kwa hali ya hewa na utaona wimbo wa rege na wimbo wa taarab vimekaa kitako pamoja bila kugombana.

Na uamue mapema itaskizwa wapi. Ya jikoni asubuhi si sawa na ya tuktuk, na ya barazani baada ya Isha si sawa na zote mbili.

Pili, kusanya

Anza na nyimbo kama arubaini halafu uzichuje mpaka zibaki kumi na nne, kumi na tano. Sharti ninalojiwekea: robo yake zisitoke kwenye intaneti, zitoke nyumbani, kwenye kaseti, kwenye simu ya shangazi, popote. Hilo tu linafanya miksi yako isifanane na ya mtu yeyote.

Sisi watu wa Mombasa tumebarikiwa hapa. Kwa upande wa kusi mimi siachi udi wa Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu wa 1939 aliyeishi na kupiga muziki wake hapa Mombasa mpaka akafariki 2016, manake udi wake una ule utulivu wa mtu asiyekimbizwa na chochote. Juma Bhalo naye, aliyetutoka 2014, ni dawa ya wanaotaka kuchanganya, kwa sababu alikuwa akichukua mahadhi ya filamu za Kihindi na kuyavisha mashairi ya Kiswahili, kwa hivyo ukipata ule wimbo wa Kihindi wenyewe ukautanguliza dakika moja tu, halafu ukamwingiza Bhalo, umepata kiungo ambacho tayari kilikuwepo na wewe umekifunua tu. Nyumba nyingi za Mji wa Kale kuna mama anayeujua wimbo wa filamu kabla hujamaliza kuuimba, muulize.

Upande wa kaskazi bango lazima. Mzee Joseph Ngala wa Freretown na saksafoni yake, muziki wa harusi za Pwani, wenye mdundo wa Mijikenda ndani na kidogo rumba, kidogo jazi. Muziki wa dansi wa Tanzania pia, mimi nina udhaifu na Mbaraka Mwinshehe, na kwetu ana uzito wake kwa vile ni hapa Mombasa alipopata ajali ya gari iliyomuua Januari 1979. Na ndiyo, wale Them Mushrooms waliotoa "Jambo Bwana", ule wimbo wa 1982 unaopigiwa watalii hotelini, usiwatupe kwa sababu ya wimbo mmoja, wana rege nzuri sana ambayo watalii hawaijui.

Halafu weka vya kigeni vitatu vinne, bila kuogopa. Mimi nina binamu yangu yuko Ujerumani, baridi ya kwao inaisha mwezi wa tatu, wakati huo sisi huku tunatoka jasho hata tumekaa, kwa hivyo hunitumia wimbo mmoja wa kwao wa kuaga theluji na mimi huuweka hadi mwezi wa tisa. Unaingia vizuri tu, mtu anayesubiri jua ni yule yule.

Kasida, yaani nyimbo za dini, mimi siweki. Si kwamba si nzuri, ila ina mahali pake, na kuibandika kati ya chakacha, ile ngoma ya kuzungusha kiuno, na dansi utaudhi watu bila faida.

Tatu, kaseti za wazee

Hapa tukae kidogo. Ukienda kuazima kaseti nenda na adabu na uende na vifaa, usiende mikono mitupu. Mazungumzo yangu na ami yangu yalikwenda hivi:

"Salaam aleikum ami. Nimekuja na ombi, zile kaseti zako za harusi..."

"Waleikum salaam. Hazitoki nje ya mlango huu."

"Basi nilete laptopu hapa?"

"Ilete. Na uje na mahamri."

Na ana haki, kaseti ya harusi ya 1984 ikipotea imepotea, hakuna pa kuipakua.

Ukishaketi, kwanza safisha kichwa cha redio kaseti, kile kichuma king'aavu kinachogusana na utepe, kwa kijiti cha pamba kilichochovywa alkoholi ya aisopropili kutoka duka la dawa au la vifaa vya elektroniki. Pamba itatoka na uchafu wa kahawia, rudia mpaka itoke nyeupe. Kile kigurudumu cha mpira kipanguse kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Halafu kaseti yenyewe, kama utepe umelegea ukaze kwa kalamu, kisha ipeleke mbele mpaka mwisho na uirudishe nyuma mpaka mwanzo kabla hujarekodi chochote, ili utepe ujikunje sawasawa. Kaseti iliyokaa miaka bila kuchezwa ukiibonyeza pleii moja kwa moja inaweza kukwama na kutafunwa, na ami hatakupa ya pili.

Waya ni ule wa pini ndogo huku na huku, milimita 3.5, kutoka tundu la hedifoni la redio kwenda laptopu. Laptopu nyingi za siku hizi zina tundu moja linalochanganya maiki na hedifoni, na hilo linapokea sauti ya upande mmoja tu, kwa hivyo nunua kile kikadi kidogo cha sauti cha kuchomeka USB chenye tundu la kuingizia stereo, uliza muuzaji kabla hujalipa. Fungua Audacity, programu ya kurekodi na kukata sauti, ni ya bure, weka 44100 Hz, volyumu ya redio iwe katikati, na uangalie vile vijiti vya kijani visipande zaidi ya dB -6. Rekodi upande mzima bila kusimamisha, kaseti ya C60 ni dakika 30 kila upande, na kwa faili la WAV, lisilobanwa, hesabu kama MB 10 kwa dakika, kwa hivyo uwe na nafasi ya MB 300 kwa kila upande. Utakata ukifika nyumbani. Wakati inarekodi kunywa chai, ongea na ami, muulize nani huyo anayeimba, harusi ya nani, andika.

Ule mvumo wa kaseti, ile ssss, Audacity ina kifaa cha kuupunguza, unakionyesha sekunde mbili za mvumo mtupu kabla wimbo haujaanza halafu kinauondoa kote. Tumia kidogo sana. Ukizidisha udi utaskika kama unapigwa ndani ya pipa la maji. Mimi huacha nusu ya mvumo, mwezi wa saba kusi inavuma hivyo hivyo dirishani.

Nne, kata taarab bila kuiua

Sahani za santuri za zamani zilikuwa na nafasi ya kama dakika tatu kila upande, kwa hivyo nyimbo za enzi za Siti binti Saad ni fupi zenyewe, ziache zilivyo. Tatizo ni za harusini, wimbo mmoja dakika kumi na mbili, kumi na tano, watu wanatunza, mwimbaji anarudia ubeti kwa kila anayetoa noti. Utakata, lazima. Ila kata baada ya ala kujibu, yaani ubeti umeisha, kibwagizo kimeitikiwa, fidla na kodiani zimefanya zamu yao zikatulia, hapo ndipo. Usikate ubeti katikati hata siku moja. Mashairi haya ni mafumbo, mpasho umeanza mstari wa kwanza na unagonga mstari wa nne, ukikata mstari wa tatu umemnyima msikizaji utamu wote na kuna mama mahali atakutafuta.

Tano, pima kasi

Huhitaji programu. Gonga kidole mezani na wimbo, hesabu magongo kwa sekunde 15, zidisha kwa nne. Andika pembeni mwa kila wimbo. Rege nyingi zitakuja 70 na kitu, amapiano 110 mpaka 115, dansi na bango zitatofautiana sana.

Chakacha inachanganya watu kwa sababu inakwenda kwa sita, moja-mbili-tatu-nne-tano-sita, na ukihesabu zote utapata namba ya ajabu. Hesabu zile kubwa mbili tu, ya kwanza na ya nne, kiuno kinapokwenda. Ukipata 100 basi wimbo wa kawaida wa 100 unaweza kuufuata bila mtu kuhisi umebadilisha gia.

Sita, viungo vyenyewe

Sasa. Kosa kubwa la miksi za mchanganyiko ni watu kulazimisha nyimbo mbili zisikike pamoja, kwa vile wameona madijei wanafanya. Dijei wa klabu anachanganya nyimbo zilizotengenezwa kwa mashine, zina kasi moja toka mwanzo mpaka mwisho na sauti zake zimepimwa sawa. Taarab ya asili inatumia maqamu za Kiarabu, zina sauti zinazolala katikati ya sauti mbili za kinanda, na gitaa la dansi halina sauti hizo, kwa hivyo ukilaza gitaa juu ya udi utaskia kitu kinakwaruza sikio hata kama hujui kwa nini. Ongeza na kaseti, redio kaseti nyingi zinakwenda mbio kidogo au polepole kidogo, sauti imepanda au imeshuka, hata nyimbo mbili za bendi moja zinaweza zisielewane.

Kwa hivyo kanuni yangu ni hii: ngoma juu ya ngoma ruhusa, sauti juu ya sauti hapana. Kati ya nyimbo mbili zenye sauti weka kitu kisicho na noti.

Nikuonyeshe kimoja, kile cha kutoka maleleji kwenda kaskazi. Udi unamaliza peke yake, noti ya mwisho iache ife mpaka mwisho kabisa, usiishushe sauti wewe, waya wenyewe uache ufe. Sekunde mbili kimya. Halafu vikombe vya muuza kahawa, ile kling-kling ya vikombe viwili mkononi anavyopita Mji wa Kale jioni, sekunde kumi hivi, nimeirekodi kwa simu. Muuza kahawa ana mdundo wake, utaupata ukimskiza, na kama ngoma ya chakacha inayofuata iko karibu na mdundo huo iingize chini ya vikombe, pole pole, kuanzia sekunde ya sita. Ikiwa vikombe viko mbele kidogo au nyuma kidogo sogeza chakacha mpaka gongo kubwa la kwanza liangukie pale kikombe kinapolia. Vikombe vinaondoka, ngoma inabaki peke yake, hesabu sita-sita mara nne, halafu bango inaingia na saksafoni. Msikizaji ametoka udi akafika saksafoni na hakuna mahali alipovuka mlango.

Kelele za mji ndio gundi ya bure. Rekodi zako mwenyewe, simu kwenye hali ya ndege ili isiitwe katikati. Upepo ndio adui, pale ufuoni Mama Ngina ukiinua simu utapata fuuuu tupu, jifiche nyuma ya ukuta au ivishe simu soksi, kweli soksi, acha tu maiki iwe ndani ya kitambaa. Mawimbi ya kusi yanayopiga mawe pale ni mazuri sana kuanzia miksi. Muuza kahawa muombe kwanza, nunua kahawa na kashata, atakugongea hata zaidi ya ulivyotaka. Honi ya feri ya Likoni nzuri pia lakini irekodi kutoka mbali, kule kupiga picha ni marufuku na mtu aliyesimama na simu mkononi kwenye foleni anajitafutia maswali.

Viungo vingine rahisi: wimbo unaoisha kwa makofi ya harusi na mwingine unaoanza kwa vigelegele. Rege inayoisha kwa bezi peke yake na dansi inayoanza kwa tumba peke yake. Mtu anamaliza kuimba neno fulani na mwingine anaanza kwa neno lile lile, hii usitumie zaidi ya mara moja, ya pili inakuwa kujionyesha.

Saba, kuunganisha

Kwenye Audacity kila wimbo unaupa mstari wake, mmoja chini ya mwingine, na unausogeza kushoto kulia mpaka ukae. Kupandisha na kushusha sauti tumia kile kifaa cha Envelope, unaweka vidoto juu ya wimbo na kuvivuta. Wa simu tupu, programu ya BandLab inafanya karibu yote haya na ni ya bure.

Kabla hujaunganisha sawazisha ukubwa wa sauti, manake taarab ya kaseti ni ya chini na amapiano itakupasua masikio. Iko sehemu ya Loudness Normalization, mimi huweka -16 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa kila wimbo halafu naangalia kilele kisipite dB -1. Spotify wenyewe hutumia -14 lakini kaseti ukizivuta hadi hapo zinaanza kupasuka. Halafu ukimaliza namba zote, funga macho uskize, kwa vile namba haijui bezi, na wimbo wenye bezi nyingi unaweza kukaa sawa kwenye namba na bado ukatetemesha glasi kabatini.

Nane, ijaribu kabla hujaitoa

Hedifoni, spika ya simu, wufa ya sebuleni. Kwenye spika ya simu bezi haipo kabisa, kwa hivyo kiungo chako cha bezi-kwenda-tumba kitaskika kama kimya, kama ndivyo acha gitaa kidogo lisaidie. Tuktuk ni mtihani mwingine, injini inameza kila kitu cha chini na udi wa polepole unapotea kabisa, dawa yake ni kupandisha zile dakika 25 za kwanza kidogo ikiwa ndiko inakokwenda.

Hifadhi kwa MP3 ya kbps 320, saa nzima itakuwa kama MB 144. Wa bando ndogo tengenezea ya 128, inakuja kama MB 58. Ukituma kwa WhatsApp tuma kama dokumenti. Flashi ya redio ya gari iformatiwe kwa mfumo wa FAT32, na redio nyingi zinacheza kwa mpangilio ulionakili si kwa jina, kwa hivyo ukikata miksi vipande vitatu nakili kimoja kimoja, 01 kwanza, ukimaliza ndio 02.

Ya kumpa mama au binamu haina shida. Kuiweka hadharani mtandaoni ni jambo lingine, nyimbo zina wenyewe, na mitandao mingi inazitambua yenyewe na kuinyamazisha miksi katikati. Kuuza ndio kabisa usithubutu, KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, wapo na wenye nyimbo pia wapo, wengine wako Kisauni na wanahitaji hiyo pesa kuliko wewe.

Andika orodha ya nyimbo na waimbaji uitume pamoja na faili, hata zile za kaseti, "harusi, Kibokoni, mwimbaji hajulikani" inatosha, na mara nyingi atatokea mtu wa kukuambia ni nani. Ami naye mpelekee yake kwenye flashi, na umchomekee kwenye redio mwenyewe kabla hujaondoka. Faili la Audacity usilifute, liweke na mwaka wake, manake binamu wa Ujerumani ataskiza mara moja tu na kusema ule wimbo wake ungekaa mapema zaidi.